Damu ya Jirani

"Lazima iwe hai, wifi," mtaalamu wa maabara alisema, akipokea kichupa cha damu kilichoviringishwa kwenye kitambaa. "Seli iliyokufa haigawanyiki, na isipogawanyika sioni kitu ndani ya kiini chake."

"Ni ya leo asubuhi, bado ina joto. Ya jirani yangu, maskini. Mkewe kila akishika mimba, inatoka." Wifi akashusha sauti. "Halafu damu haina jina, sivyo?"

"Haina."

Mtaalamu akaandika namba tu kwenye kichupa. Habari ya mimba kutoka aliijua kwa mwili wake mwenyewe, maana zake zilitoka tatu. Alipopima damu yake na ya mumewe, hadubini haikuficha: kromosomu mbili za mume, zile nyuzi za urithi ndani ya kiini, zilikuwa zimebadilishana mikia. Akamdanganya kwa mapenzi. "Wewe uko sawa. Tatizo ni langu." Mama mkwe akamwita tasa mbele ya wageni, naye akameza. Mama wa watu alikuwa na mwana wa kiume mmoja tu, angemvunja moyo vipi?

Kisha mume akasafiri kikazi, likarudi jeneza lililopigwa misumari. Ajali ilikuwa mbaya, wakaambiwa, lisifunguliwe. Alilia mpaka sauti ikakauka, na wifi ndiye aliyemshika mkono kaburini.

Ndiyo maana damu ya jirani aliihudumia kama ya ndugu. Aliilisha, akaiweka kwenye joto, akasubiri. Seli zilipokuwa katikati ya kugawanyika, akazitia dawa ya kuzisimamisha, kromosomu zikatulia zihesabiwe. Alipenda hatua hiyo, kiini kinapofunua yote kiliyo nayo.

Damu ya mwanamume. Jozi ya kwanza nzima. Ya pili nzima. Akaendelea, akijipigia mluzi, mpaka mluzi ukakatika wenyewe.

Mikia miwili ilikuwa imebadilishana.

Alifungua droo, akatoa picha ya zamani ya kromosomu za mumewe, akailaza kando ya mpya. Akatazama huku, akatazama kule. Palipokatika ni palepale. Uchungu ulimjia, na safari hii haukuwa wa msiba.

Simu ikaita. "Wifi yangu kipenzi, majibu ya jirani yametoka?"

"Yametoka," alisema taratibu. "Mwambie kaka yako nilimdanganya. Tatizo halikuwa langu."