Kanda Iliyoandikwa "Moyo"

Inatangazwa kwamba kuanzia Jumatatu kila wokmani (chombo cha kusikilizia kanda masikioni) ya mtaa huu itabandikwa namba.

Kabla gundi ya tangazo hilo haijakauka ukutani, wanaume wawili wenye nondo waliingia kwa Germain, aliyekuwa akiwaazimisha watu wokmani tatu na kanda mia nne, zote zikiwa zimepangwa kwa alfabeti. Hawakuja kwa ajili ya namba. Mwaka huo mji wa Likasi ulikuwa ukiwafukuza watu wenye asili ya mkoa wa Kasai, na asili ya Germain bado ilikuwa haijajulikana.

Mmoja alichomoa kanda. "Moyo. Njo nini hii, papa?"

"Ni roho, chef. Nyimbo ya mapendo."

"Bantu ya Kasai banasalimiaka vile: moyo."

"Na Baswahili banapendaka vile."

Mwenzake alicheka. Aliyechomoa kanda hakucheka. Aliitia katika wokmani, akamvika Germain spika za masikioni, akabonyeza kitufe, kisha akamtazama usoni.

Sauti ya marehemu mama yake ilianza kama ilivyoanza katika kila barua ya kanda aliyowahi kumtumia: moyo. Salamu hiyo haiachwi bila jibu. Midomo ya Germain ilijibu yenyewe, bila sauti: eyo.

Nondo ilivunja taya lililojibu. Pigo la pili lilimwangusha chini. Sifongo ya sikioni ilinywa damu taratibu hadi ikawa nyeusi, na mama akaendelea kuulizia afya ya kila mtu nyumbani.

Alhamisi ofisi ya mtaa ilikijadili kisa hicho, ikaamua kwamba majina ya kanda zote yaandikwe kwa Kifaransa.