Mruko Mmoja

Sheria inampa kila dereva mruko mmoja maishani. Unakanyaga breki kwa mguu wa kushoto na mafuta mpaka mwisho kwa wa kulia, injini inanguruma, kisha unaachia breki. Gia zinajibadilisha zenyewe na gari linakwenda kwa nguvu zake zote mpaka lisimame. Siku nyingine zote magari yetu hutambaa.

Mama yangu aliposhindwa kupumua, sikuwa na gari. Nilimwomba jirani yangu Mwambungu aruke naye hospitali.

"Huu ni wangu, ndugu yangu," alisema. "Tafuta wako."

Mama alifia njiani, kwenye teksi iliyokuwa ikitambaa. Mwezi uliofuata Mwambungu aliutumia mruko wake kumpita shemeji yake kwenye msafara wa harusi.

Jana mchana alikuja mbio getini kwangu. "Kaka, mama yangu amezidiwa! Nakupigia magoti."

"Simama hapo utazame," nikamwambia.

Niliingia peke yangu kwenye gari nililonunua baada ya msiba, nikaruka mpaka mwisho wa mtaa, nikasimama. Kwenye dashibodi ikaandikwa: UMEKWISHA. Nikarudi taratibu, nikashusha kioo.

"Sasa tafuta wako."

Alilia kama mtoto. Nilifurahi, sifichi.

Mke wangu Sikudhani alikuwa barazani, na mimba yake ya miezi minane.

"Yule mama ndiye aliyeosha maiti ya mama yako," akasema. "Na mimi uchungu ukinishika?"

 Leo asubuhi amehamia kwa dada yake, karibu na hospitali. Nilimwambia nitampeleka kwa gari. Amekwenda kwa miguu.