Paa Lisilo na Nguzo

Kwa jina la Mola aliyeinua mbingu pasi na nguzo, na rehema na amani zimshukie Mtume wake aliyetuusia kuchunga ndimi.

Alfajiri ya siku ya kumi na saba, Masoud wa Pujini aliamka nyumba yake imemlalia usoni. Akajikwamua kama kifaranga atokaye yaini, akapapasa pampu ya baiskeli, akaanza tena kuijaza upepo.

Watu wa mkasa huu ni wanne. Masoud mwenyewe, mkulima wa karafuu, mwepesi wa ulimi na mzito wa usingizi. Mkewe Mwanapili, huu mwaka wa ishirini na mbili yu naye. Mama mkwe, Bi Mwanabaraka wa Wambaa, aliyekuja kumzuru bintiye. Na Shehe Thabit, aliyekimbiliwa baada ya maji kumwagika.

Maji yalimwagika asubuhi ya kwanza ya ugeni. "Mwanangu," Bi Mwanabaraka alimwambia bintiye mbele ya majirani, "usiku kucha nilidhani panasagwa mawe. Weye wapata wapi usingizi, na mkoromo ule?"

Majirani walicheka. Masoud hakucheka.

"Mwanapili," alisema, "nikilala tena na mama yako chini ya paa moja, basi umeachika."

Talaka mbili alikwisha kuzitoa ujanani kwa ulimi huo huo, akarejea kwa machozi. Ilibaki moja, na hiyo haina marejeo. Na katika yote aliyoruzukiwa, mikarafuu na mashamba, hakuna alichokipenda Masoud kuliko mwanamke yule.

Alikwenda mbio kwa Shehe Thabit. Shehe alimsikiliza mpaka mwisho, tasbihi mkononi.

"Umefunga paa, hukufunga uwanja," alihukumu. "Lala nje mpaka mgeni aondoke. Na kizingiti usikivuke hata mchana, maana weye khutba haifiki nusu umekwisha kusinzia."

Ndipo Masoud alipolikumbuka hema. Mtalii mmoja aliyeizunguka Pemba kwa miguu, nyumba yake mgongoni kama konokono, alikuwa amemwachia kwa shukrani ya madafu. Hema lile halikuwa na mti wala chuma. Mbavu zake zilikuwa za mpira, zikijazwa upepo husimama. Kila jioni lilisimama kama kuba la msikiti, na kila alfajiri lilikuwa limesujudu. Mvua ilipokuja, lilikusanya maji tumboni, kisha likamtapikia yote shingoni. Majirani kila wapitapo waliangua kicheko, wengine wakakaa chini kabisa. Masoud alidhani wanachekea hema.

Hakulalamika. Mgeni haulizwi siku ya kuondoka, sembuse mama mkwe. Kila asubuhi alisimama mbali na dirisha, macho chini kwa haya.

"Mama ameamkaje?"

"Miguu, baba Nusaiba," Mwanapili alijibu. "Safari bado. Ngoja nikampe salamu zako."

Akaingia ndani. Muda si muda kikohozi kikasikika, kizito, cha kiutu uzima.

Jambo moja lilimliwaza: mkewe alikuwa akinawiri. Mashavu yalimjaa, macho yalimng'aa, kaswida haikatiki mdomoni. Kukaa na mama ni dawa, Masoud aliwaza, akazidi kustahimili.

Siku hiyo ya kumi na saba ubavu mmoja wa hema ulipasuka kabisa, na viraka vilikuwa vimekwisha. Akaaga dirishani. Kikohozi kikamjibu, kikali kuliko siku zote. Akalikunja hema, akalifunga mgongoni, akapanda baiskeli kwenda Wambaa kwa fundi anayeziba maboya ya wavuvi.

Njiani akajiwa na fikra njema. Atapita nyumbani kwa mama mkwe, aombe ufunguo kwa jirani, amchukulie mafuta yake ya kuchulia miguu. Huenda akapona, akaondoka kwa amani, na talaka ikabaki mahali pake.

Jirani hakuhitajika. Mlango ulikuwa wazi, na Bi Mwanabaraka alikuwa akitoka kisimani, ndoo imejaa kichwani, akikanyaga kama askari wa gwaride.

"Karibu, mwanangu. Mbona wanijia na godoro?"

Masoud alishika ukuta. "Mama, umefika lini?"

"Siku ile ile ya kiapo, kabla ya adhuhuri. Weye ulikuwa kwa Shehe. Nilimwambia mwanangu, mie siwi sababu ya mume wa mtu kulala uwanjani. Nikishapanda gari tu, mwite aingie." Akaitua ndoo, akainua mikono kuelekea Pujini. "Mwenyezi Mungu awajaalie waliobaki nyumbani usingizi mnono."