Tia Kicheko Hapo

"Rudisha nyuma," alisema Redio. "Mdomo wake unasema kitu."

Fundi akairudisha picha. Kwenye skrini, mwanamke wa miaka ishirini na kitu, nywele ndefu zimemfunika nusu ya uso, aligeuka juu ya godoro la mistari, akafumbua mdomo mara tatu, akaufumba. Hakikutoka kitu. Mteja aliyeleta filamu ile alikuwa ameifuta sauti yote. Alisema ilikuwa kelele tupu, inawaharibia watazamaji raha.

Kazi yao ilikuwa hiyo, kutia sauti kwenye picha za watu. Fundi alikaa kwenye mitambo. Redio alisimama ndani ya kibanda kilichobandikwa trei za mayai kuanzia sakafuni hadi darini, feni imezimwa isije ikanguruma kwenye maiki, akasema maneno ya kila mwanamke aliyepita kwenye skrini. Alikuwa bibi asubuhi, bibi harusi saa sita, na shangazi mkorofi kabla ya kufunga kazi. Ndiyo maana wakamwita Redio. Midomo aliisoma kama wengine wanavyosoma gazeti.

Lakini filamu ya aina hii haikuwahi kuletwa pale.

"Kazi ni kazi," alisema mwenye studio, mzee mpole aliyewaita wote wanawe. "Ni dakika nne tu, binti yangu. Guna kidogo, cheka kidogo, sema ndiyo mara mbili, uende zako ukapumzike."

"Huyu hasemi ndiyo, mzee."

"Kwani anasema nini?"

"Anasema hapana. Anasema niache, nataka kwenda nyumbani. Na hapo anautazama mlango."

Fundi alisogeza uso karibu na skrini. "Mlango uko wapi, dada? Mimi naona ukuta na pazia."

"Uko nyuma ya pazia hilo," alisema Redio. Aliomba maji, akanywa. Akasema kifua kimembana. Akasema wangeweza kutia muziki tu, mwanzo mpaka mwisho, nani angejali? Mzee alimsikiliza kwa subira, kama mtu anayengojea mvua ikatike. Kisha akasema kwamba kama hawezi, atamwita yule msichana wa ghorofa ya chini anayesoma matangazo. Yule huwa hana maswali.

Basi hapakuwa na njia. Leo mdomo ule ungesema ndiyo, kwa sauti hii au kwa nyingine, na baada ya leo hakuna hata mtu mmoja ambaye angejua ulisema nini. Redio alivaa hedifoni juu ya kichwa chake, ambacho kwa mwaka wa nne sasa alikuwa akikinyoa kila Jumamosi. Kama ni lazima mtu aseme, afadhali aseme yeye, na aseme yale yale yaliyosemwa.

Fundi akahesabu kwa vidole. Tatu, mbili, moja.

Redio alifumba macho.

"Hapana," alisema. "Niache. Nakwambia niache. Nataka kwenda nyumbani."

Sauti ilitoka nyembamba, ikakatika katikati, ikaishia kwenye pumzi. Alipofumbua macho picha ilikuwa imesimama. Maneno yalikuwa yameukaa mdomo wa yule mwanamke kama mfuniko na chungu chake.

Nje ya kibanda mzee alikuwa ameinua dole gumba.

"Hiyo!" alisema akifungua mlango. "Hapana ya kudeka! Mimi nimekuomba ndiyo, wewe umenipa kitu kitamu kuliko ndiyo. Iache hivyo hivyo. Tia kicheko hapo mwisho tu, watu wajue kwamba anataka."

"Mzee, hadeki huyu."

"Binti yangu, nimekula chumvi nyingi mimi. Mwanamke akikataa kwa sauti ile..." Akamkonyeza fundi. "Haya. Kicheko."

Redio alitaka kusema tena. Alitafuta neno jingine la kukataa, akakuta hana. Lililokuwepo lilikuwa lile moja, na alishalitoa, na lilishachukuliwa. Vidole vya fundi vilikuwa hewani tayari.

Akacheka. Kilikuwa kicheko cha bibi harusi, kile cha puani, kifupi, alichokizoea kwenye filamu za mapenzi. Fundi akakiunga nyuma ya hapana, na vikashikana pasionekane mshono.

"Njoo usikie kazi yako," mzee aliita.

Redio alitoka kibandani, akasimama nyuma ya viti vyao. Walitazama zote dakika nne. Mwanamke alikataa, kisha akacheka. Mzee alitikisa kichwa kwa kuridhika. Picha ilipofika mwisho fundi aligeuka, uso umemng'aa, kama afanyavyo kila kazi inapotoka bila dosari.

"Pete na kidole, dada! Nakuapia, hata mama yake mzazi akisikia atasema ni yeye."

"Ni mimi," alisema Redio.

Wanaume wale wawili walitazamana. Kisha fundi akapasuka kwa kicheko, akajipiga paja, na mzee akacheka mpaka akatafuta leso mfukoni.

"Hebu irudie hiyo 'ni mimi'," alisema mzee, akijifuta macho na kumsogezea maiki ya mezani. "Kwa sauti hiyo hiyo."