Masikio ya Udongo

“Kaka, yavute masikio zaidi,” Wabet alimwambia mfinyanzi, na uwanja mzima tukaangua kicheko.

Kisanamu cha mtumishi, cha kuzikwa pamoja na marehemu binti yake Wabet, tayari kilikuwa na masikio kama mabawa ya popo.

“Shoga, mtumishi huyo au punda?” nikamtania, nikidhani nampunguzia majonzi.

Hakucheka. “Miungu ikimwita kwenda kulima mashamba ya huko kwa wafu, si hiki ndicho kitakachoitika badala yake? Mwanangu kiziwi, mnajua. Miaka saba nimemwita kwa kumgusa bega. Huko nani atamgusa?”

Kicheko kikatukatika.

Mfinyanzi alikuwa keshainuka kukipeleka kisanamu tanurini. Akaketi tena, akakilaza mapajani taratibu, akalowesha vidole, akamega udongo mwingine.