Mnara wa Kunguru Kando ya Uwanja wa Korongo

Nawaambia, lakini msiseme mmesikia kwangu. Kunguru, bingwa wa umbea, alijenga mnara wa vijiti karibu na uwanja wanapotua korongo, ili maneno yake yafike mbali. Juu kabisa akamweka mkewe na makinda matatu.

Mzee Korongo akamwonya, "Jirani, hapa mnara haupiti kimo cha mbuni, na juu lazima akae Kimulimuli awake, tuuone."

"Kadudu hako kakae juu ya wanangu? Thubutu!" Kunguru akacheka.

Asubuhi moja ukungu ukafunika kila kitu. Kunguru akasikia korongo wakirudi safari, mabawa yao mazito yakija moja kwa moja kwenye mnara. Akapiga kelele mpaka sauti ikamkauka, lakini mvumo wa mabawa ukaimeza.

"Kimulimuli, baba yangu, panda!" akakalilia kale kale kadudu, kalikokuwa nyasini chini ya mnara.

Kimulimuli akapanda, akawaka. Korongo wakakata kona, na bawa la yule wa mwisho likang'oa kijiti cha kiota.

Mchana Kunguru alionekana akibomoa mnara, kijiti kimoja kimoja.

"Na umbea wako je, jirani?" Mzee Korongo akamuuliza.

"Aa, umbea hata chini unafika."