Mama Hataki Kuwa wa Kwanza

Mama alikataa katakata kukalia kiti cha daktari mpaka kwanza akikalie mtu mwingine, tena atibiwe mbele ya macho yake.

"Na awe wa damu yangu," alisema. "Wa watu siwaamini."

Daktari wa meno, binti mpole ambaye angeweza kuwa mjukuu wake, alikuwa ameshaeleza mpaka koo limemkauka. Kwamba leza ni mwanga tu. Kwamba haina ule mlio wa mashine ya kutoboa unaowafanya watu wazima wakumbuke dhambi zao. Kwamba mara nyingi hata sindano ya ganzi haihitajiki, ingawa si mara zote. Na kwamba kila mwenye macho humo chumbani lazima avae miwani maalumu. Mama aliuliza kama mtu akishapigwa huo mwanga atakuwa anang'aa gizani. Daktari akasema hapana. Mama akaonekana kama amepunjwa.

Wanawe wawili hawakuwa na hali. Tangu mama aanze kulalamikia jino, nyumba nzima ilikuwa hailali. Na huyu ni mama ambaye meno yake ndiyo fahari ya ukoo: meupe pe, yamejipanga, na uzee wote ule hakuna aliyewahi kuona hata moja likidondoka. Sasa akisema atakufa kwa njaa, nani abishe? Maumivu yenyewe yalikuwa ya ajabu. Nyumbani yalikuwa kushoto, ndani ya teksi yakahamia kulia. Mwanawe mkubwa, fundi wa malori aliyebandikwa jina la Tingatinga kwa ubabe wake, aliumia pamoja naye kiasi kwamba aliacha nyama, akawa anashinda na uji huku amejishika shavu. Watu walimsifu sana kwa kumpenda mama yake.

Basi akakaa dada mtu, mshonaji. Wote wakavaa miwani. Daktari alikuta katundu kadogo, akakashughulikia hapo hapo. Vikasikika vijisauti kama vya bisi jikoni, ikaja harufu kidogo ya kuungua, yakarushwa maji ya baridi, basi. Mshonaji aliinuka anacheka.

"Umeona, mama? Hata sikusikia kitu."

Mama akatikisa kichwa. Huyo amezaa mapacha, alisema, maumivu kwake ni mchezo. Yeye anataka kumwona mwanamume.

Miwani yote ikamgeukia Tingatinga. Jasho lilimtoka. Alisema kuna lori la watu linamsubiri. Alisema kiti ni kidogo, kitavunjika. Alisema yeye hana jino bovu, daktari asipoteze muda wake bure. Alikuwa ameshashika kitasa cha mlango mama alipoanza kuugulia kwa sauti iliyofika mpaka mapokezi.

"Niacheni nife," mama alisema. "Mwanangu wa kwanza kanikimbia."

Hapo mtu afanyeje? Tingatinga alikaa, akafumba macho ndani ya miwani, akafungua mdomo. Daktari alichungulia, akavuta taa karibu. Kisha akamwambia taratibu kwamba jino la nyuma limeoza vibaya, na kwamba angechelewa kidogo tu lingekuwa la kung'oa. Hili lilihitaji sindano kwanza, ndipo mwanga. Jamani, Tingatinga alilia. Alilia kama mtoto, bila kumwonea mtu haya, na dada yake alimshika mkono mpaka mwisho. Alipoinuka aligusa shavu, akaligusa tena, asiamini. Akasema ganzi ikiisha tu anataka nyama.

Akamwendea mama yake kwa ushujaa wote wa mtu aliyetoka vitani.

"Zamu yako, mama. Usiogope, mimi nipo hapa."

Mama alipanda kitini bila kushikwa mkono. Akaiweka miwani sawa, akaingiza vidole mdomoni, akayatoa meno yote, ya juu na ya chini, akamkabidhi daktari.

"Yasuuze tu, mjukuu wangu," alisema kwa ufizi. "Lililokuwa likininyima usingizi umeshalitibu."